Bata wawili kwenye kona ya msikiti

Picha iliyonifundisha kazi ilikuwa ya greda la njano. Mheshimiwa alinitumia saa mbili asubuhi, na chini yake akaandika neno moja: "Rusha." Nikarusha. Kwenye ukurasa wake wa Facebook na kwenye grupu la WhatsApp la kata nikaongeza na maneno yangu: "Kazi inaendelea. Diwani wetu hana maneno mengi." Halafu nikarudi kutoa kopi za vitambulisho vya watu, maana kazi yangu ya kula ni steshenari, hapo jirani na ofisi ya kata.

Hazikupita dakika kumi na tano, fundi mmoja wa pikipiki akatuma picha yake. Alikuwa amesimama kona ya msikiti, pale ambapo mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilimega nusu ya barabara. Katikati ya dimbwi kulikuwa na bata wawili wanaogelea, hawana habari na mtu. Akaandika: "Dada admini, greda liko chini ya hawa?"

Sikujibu. Niliifungua tena picha ya greda nikaitazama kwa utulivu, jambo ambalo nilitakiwa kulifanya kabla ya kurusha. Nyuma ya greda kulikuwa na migomba, na nyuma ya migomba kulikuwa na mlima. Kata yetu iko pembezoni mwa Dar es Salaam. Mlima mrefu kuliko yote tulio nao ni kifusi cha mtu aliyeishiwa hela ya kujaza msingi.

Nilipompigia Mheshimiwa akasema picha aliikuta kwenye grupu la madiwani wenzake, akadhani ni ya huku. Hakuwa na nia ya kudanganya. Alikuwa na haraka, kama mimi. Lakini watu mia tano na ushee walikuwa wameshaiona, na mpaka leo ukitoa ahadi mtaani kwetu kuna mtu atakuuliza kama inajua kuogelea.

Hii kazi niliingia 2021, bila barua wala mshahara. Diwani alikuwa mteja wangu wa muda mrefu, na alikuwa amechaguliwa mwaka mmoja kabla. Siku hiyo anasubiri nimchapie mihtasari ya Kamati ya Maendeleo ya Kata, akaniona namalizia kadi ya sendofu ya binti wa jirani, maua huku, dhahabu kule. Akasema, "Mwanangu, na mimi nitengenezee mambo kama haya." Malipo yangu yalikuwa bando la wiki, na mara moja moja hela ya chipsi.

Mwaka wa kwanza nilitengeneza mabango tu. Siku ya Wanawake, Muungano, Idd, Krismasi, siku ya kuzaliwa ya mbunge. Kanuni za mabango haya hakuna anayekufundisha, ila ukikosea unapigiwa simu. Picha ya Rais inakaa juu na ni kubwa kuliko zote, ya mbunge inafuata, ya diwani inakaa chini kwenye kona, saizi ya pasipoti. Siku moja niliona kona ina nafasi kubwa imebaki wazi, nikaivuta picha ya diwani ikajaa. Dakika tano hazikuisha, simu ikaita. Sauti ya chini kabisa, kama mtu aliye kikaoni: "Mwanangu, unanitafutia matatizo."

Ndipo nikaanza kuelewa. Bango lile, pamoja na "Mama anaupiga mwingi" yake yote, halikuwa la wakazi. Lilikuwa linaongea na walio juu, wale watakaokaa vikao vya kupitisha majina uchaguzi ukifika. Mkazi alikuwa kama mtu anayesikiliza maongezi ya wakubwa dirishani. Na simlaumu sana diwani kwa hilo. Kalavati analoomba, anaomba kwa wakubwa hao hao, na asiyeonekana anashukuru leo kesho hakumbukwi. Lakini mjini hapa, mama aliyekaa siku ya sita bila maji akifungua simu akakutana na bango la kushukuru kwa mradi wa maji, hasira yake haiendi kwenye bomba. Inakwenda kwenye bango. Nilikuwa nazisoma komenti zile mimi, si yeye. Nyingine nilizifuta kabla hajaamka.

Tangu hapo nikiona posti ya kiongozi yeyote, kabla sijasoma maneno, naangalia inamtazama nani usoni.

Grupu lilikuwa kitu tofauti, na ndiko nilikojifunza mengi. Wakati tunalifungua, WhatsApp ilikuwa inapokea watu 256 tu kwenye grupu moja. Kata ina maelfu. Nafasi zikajaa ndani ya wiki mbili: wenyeviti wa mitaa, wajumbe, walimu, wenye maduka, na ndugu kadhaa wa diwani wanaoishi Tabata. Nikafungua la pili, nikaliita "Kata Yetu 2". Sikujua kwamba namba mbili inaweza kuwa tusi. Waliowekwa huko wakasema wao ni watu wa benchi. Mzee mmoja alikuja dukani simu mkononi: "Mimi nimehamia hapa pakiwa mikorosho mitupu, leo unaniweka la pili?" Nikamwamkia, nikampa kiti, na alipoondoka nikamtoa shemeji mmoja wa Tabata ili mzee aingie la kwanza. WhatsApp walipoongeza nafasi zikawa 512 katikati ya 2022, kisha 1,024 mwishoni mwa mwaka huo huo, niliunganisha yote mawili, nikalala usingizi wa kweli.

Ndani ya grupu wanaongea wanaume, tena wale wale kumi na watano. Ukihesabu, mjadala wa "wananchi" ni wa watu wanaojaa kwenye kirikuu kimoja. Wanawake walikuwa wanasoma kimya, halafu saa tatu usiku, watoto wakishalala, wananiandikia pembeni. Huko ndiko kata ilikokuwa. Mmoja aliniambia jirani yake kajiunganishia maji kinyemela na mwenyekiti anajua. Mwingine mtoto karudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango. Mwingine taa ya njia ya kutokea hospitali imekufa na vijana wanakaba. Karibu kila ujumbe ulikuwa na mkia ule ule: "Usiweke jina langu dada, tunaishi nao hawa."

Nikanunua kauntabuku. Kila usiku nikawa naandika: limeulizwa nini, mtaa gani, lini. Jina naacha. Asubuhi diwani akipita kuchukua karatasi zake namsomea. Mwanzoni alikuwa anasikiliza huku anatazama saa. Kisha siku moja akachukua daftari akalisoma mwenyewe, akarudia ukurasa mmoja mara mbili, akaniuliza, "Haya yote yako kwenye kata yangu?" Nikamwambia hayo ni ya Jumanne tu.

Nikisema hivi naonekana mjanja. Sikuwa. Makosa makubwa niliyafanya nikiwa na kauntabuku mkononi.

Wiki tatu hivi baada ya wale bata, maji yalikatika siku nyingi mfululizo na grupu likawaka. Mheshimiwa alikuwa safarini. Alikuwa anasoma, ila hajibu. Zamani diwani akikaa kimya ungeweza kumtetea: hajui, hakuwepo, barua haijamfikia. Kwenye simu unabonyeza ujumbe wako, unaona majina ya waliousoma na saa waliousoma. Mtu akapiga skrini shoti, akaizungushia jina la diwani duara jekundu, saa nne na dakika saba usiku, akaituma hapo hapo grupuni: "Mheshimiwa tunakuona." Watu mia wakatia vicheko.

Simu ikaita. "Funga."

Kufunga ni rahisi mno. Unaingia kwenye mipangilio, unachagua kwamba wanaoandika ni maadmini tu, basi. Watu mia tano wananyamaza kwa kidole kimoja. Ningemwambia Mheshimiwa asubiri hadi asubuhi, nadhani angenisikiliza. Sikumwambia. Ukweli ni kwamba na mimi nilikuwa nimechoka kutukanwa.

Kufika Jumapili kulikuwa na grupu jipya, "Sauti ya Kata (Bila Viongozi)", lina watu mia tatu. Najua kwa sababu niliingizwa kwa namba ya dukani. Aliyeniingiza hakujua ni mimi. Humo ndani nilisoma kwamba soko limeuzwa. Halikuwa limeuzwa. Nilisoma kwamba diwani amehamia Mbezi. Alikuwa safarini, na familia yake ilikuwa pale pale kwake. Hakuna aliyekuwepo wa kusema hapana, kwa sababu wote ambao wangeweza kusema tulikuwa tumejifungia kwenye grupu letu, tunaandikiana wenyewe kwa wenyewe.

Kisha mmoja wa watu wa karibu wa Mheshimiwa akaamua kusaidia. Akaandika kwenye grupu tulilolifunga ujumbe mrefu kuhusu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, akamalizia na "mtashughulikiwa". Sheria ipo, na kusambaza uongo kwa makusudi ni kosa, hilo hata mimi huwa nawakumbusha watu. Lakini kuna namna ya kumkumbusha mtu sheria na kuna namna ya kumwonyesha fimbo. Nilipoingia grupuni usiku ule, jumbe za nyuma zilikuwa zinafutwa moja baada ya nyingine. "Ujumbe huu umefutwa", "ujumbe huu umefutwa", zimepangana kama shanga. Hata mama aliyekuwa ameuliza ratiba ya chanjo ya watoto alifuta swali lake.

Aliyemwambia Mheshimiwa afungue hakuwa mimi. Alikuwa mke wake, ambaye anauza vitenge sokoni na ndiye aliyekuwa anayapokea maneno yote ana kwa ana. Alikuja dukani kupiga picha za pasipoti, akamkuta mumewe kwenye benchi. Hakupunguza sauti kwa ajili yangu. "Umefunga la kwenye simu, mimi ndiyo nimekuwa grupu. Kila anayekuja kununua khanga ananiachia ujumbe wako. Nimechoka kuwa grupu."

Jioni yake Mheshimiwa alikwenda kona ya msikiti kwa miguu, akarekodi voisi. Haikufika dakika mbili. Ninayo bado. Unasikia bodaboda zinapita, unasikia mtu anamsalimia naye anaitikia katikati ya sentensi, anapoteza alichokuwa anasema, anaanza upya. Anasema barabara hizi za mitaani tangu 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa Serikali wa barabara za vijijini na mijini. Yeye diwani hana greda, hana fungu. Anachoweza ni kuipeleka kwenye kamati ya kata na kwenye baraza la madiwani, na baraza linakaa kila robo mwaka. Ameshaipeleka mara moja. Tarehe ya kazi hajapewa. "Nikipewa nitawaambia. Nisipopewa mpaka baraza lijalo, nitakuja hapa hapa kuwaambia sijapewa."

Nikafungua grupu, nikaiweka.

Hakuna aliyempigia makofi. Kulikuwa na "sawa", "tumekuelewa", na mtu mmoja aliyeuliza kwa nini hakusema hayo tangu mwanzo, swali la haki kabisa. Fundi wa pikipiki akaandika: "Bata wanakusalimia Mheshimiwa." Akajibu kwa voisi, anacheka: "Waambie wasizaliane." Siku hiyo nadhani ndiyo walianza kumwamini, japo barabara ilikuwa vile vile na maji yalikuwa vile vile.

Nimefikiria sana kwa nini voisi ile ilifanya kazi ambayo mabango ya miaka miwili yalishindwa. Kwanza watu wengi huku kwetu hawasomi maandishi marefu kwenye simu. Voisi mama anaisikiliza huku anakoroga ugali, saluni wanaifungulia wote wakasikia. Lakini kuna jingine. Bango nilikuwa naweza kumtengenezea mimi, na watu walilijua hilo, ndiyo maana waliniita "dada wa diwani" kwa kejeli. Sauti ilibidi aitoe mwenyewe, akiwa amesimama kwenye tope lenyewe. Na alisema "sijapewa". Sijawahi kuliona neno hilo kwenye bango la mwanasiasa.

Laiti tungelijua hilo mapema, tungeokoka kwenye suala la mikopo. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kuwakopesha wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4 na watu wenye ulemavu asilimia 2. Mwaka 2023 Serikali ilisimamisha utoaji wake nchi nzima ili utaratibu upangwe upya. Nchi nzima! Lilikuwa jambo la kueleza kwa sentensi mbili. Sisi tukanyamaza, kwa sababu hakukuwa na habari njema ya kuweka, na ukurasa ulizoea habari njema tu. Nikaweka bango la Idd. Vikundi viwili vya akina mama ambavyo maombi yao yalikuwa yamefika mbali vikaamini jina lao limeuzwa kwa kikundi cha mtaa wa pili. Mweka hazina wa kimoja, mama ninayemwita shangazi kwa mazoea ya miaka, alikaa miezi bila kuingia dukani kwangu. Alikwenda kutoa kopi kwa mshindani wangu ng'ambo ya barabara, ambaye mashine yake inatia mstari mweusi katikati. Mikopo iliporudi 2024 tulitangaza siku ile ile, kwa maandishi na kwa sauti, masharti yote. Shangazi alirudi. Hakusema kitu, aliniwekea karatasi mezani akasema, "Nakala tatu."

Niliacha kazi hiyo katikati ya mwaka huo, miezi michache kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27. Msaidizi mmoja, si diwani mwenyewe, alinitaka nifungue akaunti kumi za kusifia: majina ya kubuni, picha za kubuni, kazi yao ni kukomenti "hongera" na kuwajibu wanaokosoa. Nilifungua mbili. Moja niliipa picha ya ua waridi, ikawa mama wa makamo anayependa maendeleo. Iliishi siku nne. Nina tabia ya kumaliza sentensi na nukta mbili badala ya moja, sijui niliitoa wapi. Mama mmoja anayenunua madaftari kwangu akaniandikia pembeni: "Dada, hilo waridi mbona linaandika kama wewe." Nilihisi joto masikioni. Nikazifuta zote mbili, nikamwambia msaidizi atafute mtu mwingine, nikamrudishia Mheshimiwa ukurasa wake na nywila yake kwenye kipande cha karatasi. Grupu niliendelea kulisimamia, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa tayari kutukanwa bure.

Kauntabuku lilibaki dukani. Mzee wa kitochi, jirani yetu wa siku nyingi, alikuwa hajawahi kuwa kwenye grupu lolote, simu yake ni ya kupiga na kupokea. Asubuhi moja alikuja akasema, "Binti, hilo grupu lenu, nichapie." Nilicheka. Yeye hakucheka. Akatoa mia mbili.

Nikakaa nikachapa ukurasa mmoja wa A4 kutoka kwenye daftari: swali, limepelekwa wapi, jibu. Safu ya jibu karibu yote ilikuwa "bado". Mzee alipoondoka na yake, nikachapa nyingine nikaibandika mlangoni, kwa sababu watu wakisubiri kopi hawana cha kutazama. Walisoma. Walisoma kuliko nilivyowahi kuona mtu anasoma bango, wengine wakifuatisha kwa kidole. Kijana mmoja akaongeza swali lake kwa kalamu chini kabisa, mwandiko mbaya, kuhusu choo cha soko.

Baada ya siku mbili tatu Mheshimiwa akapita. Akasimama mlangoni, mikono nyuma, akaisoma tangu juu mpaka kwenye choo cha soko. Nilijua ataniambia niitoe. Akaniomba kalamu. Kwenye mstari wa kona ya msikiti, ambapo nilikuwa nimeandika "mwezi wa saba, kama ilivyoahidiwa", akakata "saba" akaandika "tisa", akaweka sahihi pembeni, ile ndefu anayoweka kwenye mihtasari. Kisha akaniuliza kopi ya karatasi hiyo ni shilingi ngapi, akalipa, akaikunja mara nne akaitia mfuko wa shati, akapanda bodaboda kwenda barazani.

Bata wameshakuwa watano.